BREKI LAINI NI ONYO, SI MAZOEA



Siku hizi pikipiki imekuwa chombo cha kazi kama panga na jembe. Nyapara anaipanda kukagua mashamba, karani wa mizani anakwenda nayo kwenye vituo vya kupokelea majani ya chai, fundi wa kiwanda anabebea vipuri. Wenzetu wengi wanatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni kwa pikipiki zao wenyewe au kwa boda boda. Na mashamba yetu mengi yako milimani: Kericho na Nandi, Fort Portal na Bushenyi, Gisovu upande wa Rwanda, Teza na Rwegura upande wa Burundi. Mahali chai inapostawi, barabara hupanda na kushuka, mvua ni nyingi na utelezi ni mwingi. Hapo breki ndiyo roho ya mpandaji.

Katika kutembelea matawi tumesikia neno moja likirudiwa kila mahali. Mtu anapewa pikipiki, anabana breki, mkono unaingia mpaka ndani kama anakamua sifongo. Akiuliza anajibiwa: "Ipigepige kwanza, itashika." Naye anaondoka. Kesho anamfundisha mwenzake vivyo hivyo, na ubovu unageuka kuwa desturi.

Hebu tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 hivi kila sekunde moja. Mtoto akikatiza njia, sekunde ya kwanza inapotea kabla mkono wako haujabana breki. Ukihitaji sekunde nyingine ya kupigapiga, umekwisha kwenda mita 22 na pikipiki haijaanza hata kupunguza mwendo. Hizo mita 11 za nyongeza ndizo zinazotenganisha kuponea chupuchupu na kuzika mtu.

Kwa hiyo leo tunaeleza namna ya kutafuta chanzo cha breki laini, jambo gani unaweza kulifanya mwenyewe, jambo gani ni la fundi, na nani anapaswa kulipa.

KWANZA UJUE BREKI YAKO NI YA AINA GANI

Pikipiki zetu zina breki za aina mbili. Ya kwanza ni ya waya au fito, ambayo ndani ya gurudumu kuna drami na breki shuu mbili zinazotanuka. Pikipiki nyingi za kazi zina breki hii, na ya nyuma karibu zote. Ya pili ni breki ya mafuta, yenye diski ya chuma inayoonekana pembeni mwa gurudumu, na kalipa inayoibana diski hiyo kwa pedi mbili. Hii mara nyingi huwa mbele.

Breki ya mbele isidharauliwe. Wako wapandaji wanaoiogopa na kutumia ya nyuma peke yake. Lakini pikipiki inaposimama uzito mwingi huegemea mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Mwenye breki ya nyuma tu ana nusu ya breki, au pungufu ya hapo.

BREKI YA MAFUTA INAVYOFANYA KAZI

Ukibana mkono wa breki, pistoni ndogo iliyo juu kwenye usukani, ndani ya kile kinachoitwa masta silinda, inasukuma mafuta. Mafuta yanapita katika mpira mpaka kwenye kalipa, yanasukuma pistoni ya chini, na pedi zinabana diski. Kazi hii inawezekana kwa sababu mafuta hayabanyiki.

Upepo unabanyika. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma. Utaona mpini unaingia na kurudi. Upepo kidogo ukiwamo ndani ya mpira wa breki, ndivyo unavyofanya: nguvu ya mkono wako inaishia kubana upepo badala ya kubana diski. Hapo ndipo ule ulaini unapotoka.

PIMA KABLA HUJASHIKA SPANA

Mafundi wengi wakisikia "breki laini" wanakimbilia kutoa upepo. Pengine ugonjwa si upepo, na fedha inapotea bure. Simamisha pikipiki mahali tambarare, zima injini, ufuate vipimo hivi:

1. Bana mkono wa breki mara kumi upesi upesi. Ukipanda na kuwa mgumu, kisha baada ya kupumzika ukawa laini tena, yaelekea mna upepo ndani.

2. Bana kwa nguvu na ushikilie kwa muda wa nusu dakika. Mkono ukizama polepole kuelekea usukani, mafuta yanatoroka. Tazama kalipa, maungio ya mpira na chini ya masta kama pana unyevu. Kama nje kote ni kukavu, basi raba za ndani ya masta zimechakaa na mafuta yanarudi nyuma ndani kwa ndani. Pikipiki hii isipandwe.

3. Mwenzako abane breki kwa nguvu nawe ushike mpira wa breki kwa vidole. Ukiusikia unavimba, au ukiona nyufa, mpira umezeeka. Hauponi kwa kutoa upepo, unabadilishwa.

4. Kama mkono ni mgumu lakini pikipiki haisimami, ugonjwa uko chini: pedi zimeisha, au zimeungua na kung'aa kama kioo, au diski imeingiwa na mafuta au grisi, au pistoni ya kalipa imekwama kwa kutu na matope.

5. Kama breki ni nzuri asubuhi, inalegea katikati ya mtelemko mrefu, na ikipoa inarudi, basi mafuta yanachemka. Huu ndio ugonjwa unaoua zaidi milimani, kwa sababu ukipima pikipiki ikiwa imesimama uwanjani huuoni. Tutaueleza hapa chini.

Vilevile tazama kikombe cha mafuta juu ya usukani. Mafuta yakiwa chini ya alama, usikimbilie kuongeza. Chungulia pedi kwanza. Pedi zikiisha, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta hushuka kuifuata. Pedi iliyobaki na unene wa milimita 2 au chini yake ni ya kubadilishwa. Kama pedi ni nene na mafuta yamepungua, pana uvujaji: utafute.

KWA NINI MAFUTA YA BREKI HUCHEMKA

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji. Unyevu wa hewa unaingia kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, hata kama kifuniko kimefungwa. Mafuta mapya yenye alama ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakinyonya maji kiasi cha sehemu tatu na kidogo katika mia, DOT 3 yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na DOT 4 kwenye 155.

Sasa fikiria mpandaji anashuka mlima mrefu amebeba mzigo, ameshikilia breki muda wote. Diski inapata moto, moto unapita kwenye pedi mpaka kwenye mafuta. Mafuta ya zamani yanachemka na kutoa mvuke. Mvuke ni kama upepo, unabanyika. Ghafula mkono unaingia mpaka kwenye mshiko na hakuna kitu. Ajali ikitokea, mkaguzi anakuja saa moja baadaye, kila kitu kimepoa, anabana breki na kusema, "Breki ni nzima, huyu alikuwa anakimbia." Ndugu, kumbukeni jambo hilo.

Dawa yake ni kubadilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, au mapema yakiwa yamegeuka rangi kama chai ya rangi. Soma alama kwenye kifuniko cha kikombe, utie yale yaliyoandikwa. Nunua mkebe uliofungwa. Mkebe uliokaa wazi dukani umekwisha kunywa maji. DOT 5 ni ya aina nyingine kabisa, usichanganye na DOT 3 wala DOT 4.

Na tunasema kwa sauti: usitie mafuta ya injini, wala dizeli, wala mafuta ya taa, wala mafuta ya kupikia, wala maji ya sabuni. Mafuta ya injini na dizeli huvimbisha raba za ndani na kuzilainisha, na breki inaweza kukwama au kuachia. Ikiwa mtu amekwisha kutia, si kazi ya kumwaga tu. Raba zote zibadilishwe na mfumo uoshwe.

NAMNA YA KUTOA UPEPO

Kazi hii inafanywa na watu wawili. Inahitaji spana ya skrubu ya kalipa (mara nyingi ni namba 8), mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, chupa safi, kitambaa chenye maji na mkebe mpya wa mafuta ya breki.

1. Geuza usukani ili kikombe kikae sawa. Futa vumbi kabla ya kufungua kifuniko. Punje moja ya mchanga inaweza kuikata raba.

2. Funika tangi kwa kitambaa. Mafuta ya breki yanakula rangi. Yakidondoka, osha kwa maji mara moja. Usiyaguse macho.

3. Chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutoa upepo iliyo juu ya kalipa. Ncha ya pili izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, ili upepo usirudi.

4. Mwenzako abane breki polepole mara tatu, kisha ashikilie. Nawe fungua skrubu robo ya mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka. Funga skrubu kwanza, ndipo mwenzako aachie mkono. Akiachia kabla hujafunga, atavuta upepo mpya na kazi itaanza upya.

5. Rudia mpaka mapovu yaishe. Kila baada ya mara nne au tano ongeza mafuta kikombeni. Kikombe kikikauka, upepo unaingia kwa juu.

6. Gongagonga mpira na kalipa kwa mpini wa bisibisi ili mapovu yaliyojificha yapande.

7. Kaza skrubu kwa kiasi, usiivunje. Funga kifuniko. Yaliyotoka usiyarudishe.

Baada ya hapo mkono uwe mgumu kuanzia mara ya kwanza. Jaribu kwanza kwa kuisukuma pikipiki kwa mikono, kisha kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali tambarare, bila abiria. Kama umetoa upepo vizuri na baada ya siku chache ulaini umerudi, pana mahali panapopitisha. Usitoe upepo tena na tena kama mtu anayemeza aspirini kwa jino bovu.

BREKI YA WAYA NA DRAMI

Breki hii haina mafuta wala upepo, lakini nayo hulegea. Anza na waya. Ukiona nyuzi zimekatika, au ganda la nje limepasuka na kujipinda, waya unavutika badala ya kuvuta. Badilisha, usifunge kwa kamba.

Kisha tazama mchezo wa mkono. Katika pikipiki nyingi ndogo mkono wa mbele huwa na mchezo wa milimita 10 hadi 20 nchani, na pedeli ya nyuma milimita 20 hadi 30. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Kaza nati ya marekebisho polepole, kisha inua gurudumu na ulizungushe. Likigusa, umekaza mno. Breki inayogusa muda wote inapata moto na breki shuu zinaungua.

Katika pikipiki nyingi pana mshale karibu na kile kipande cha chuma kinachovutwa na waya hapo kwenye drami. Bana breki mpaka mwisho. Mshale ukifikia alama, breki shuu zimeisha. Hapa tunaonya juu ya ujanja unaofanyika sana: fundi anachomoa kile kipande cha chuma na kukirudisha nyuma jino moja ili breki "ipate nafasi". Usikubali. Breki shuu zikiwa zimekwisha na kemu ikageuka kupita kiasi, inaweza kupinduka na kuligandisha gurudumu ukiwa mwendoni.

Ukifungua drami utakuta vumbi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Baadhi ya breki shuu za zamani na za bei rahisi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto huleta kansa ya mapafu baada ya miaka mingi. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, na kitambaa hicho kitupwe kikiwa bado kibichi. Vijana wanaojifunza gereji waambiwe jambo hili siku ya kwanza.

Na ukivuka mto au dimbwi, drami iliyolowa haishiki. Bana breki kidogo kidogo kwa mita chache mpaka ikauke.

MTELEMKONI

Usizime injini wala kutoa gia ili kuokoa petroli. Akiba yake ni ndogo, na unaibebesha breki kazi yote ya injini. Shuka kwa gia ya chini, injini ikikuzuia. Bana breki zote mbili kwa vipindi, kisha achia zipoe. Ukisikia mkono unaanza kulegea, simama mara moja ungali unaweza, pumzika mpaka diski ipoe. Usimwagie maji.

NANI ALIPE?

Kama pikipiki ni yako, gharama ni yako, na tumeeleza ili usidanganywe. Lakini kama pikipiki ni ya mwajiri na unaipanda kwa kazi yake, habari ni nyingine.

Katika shamba moja la chai tulikuta wapandaji wanakatwa mshahara kwa ajili ya pedi. Uongozi ulisema wao ndio wanaoharibu breki kwa kukimbia. Kamati ya tawi haikugomba. Ilinunua daftari, na kila mpandaji akaandika: namba ya pikipiki, tarehe, breki ililegea wapi, ilirudi lini. Baada ya wiki chache daftari lilionyesha kwamba pikipiki zilikuwa zinalegea kwenye mlima ule ule, na zote zinapona zikipoa. Uongozi ulipoulizwa mafuta ya breki yalibadilishwa lini, hapakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mafuta yalibadilishwa, ule ulegevu ukaisha, na makato yakasimamishwa.

Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema mambo matatu yanayotuhusu. Mwajiri ahakikishe vyombo vya kazi ni salama kadiri inavyowezekana. Hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi fedha. Na mfanyakazi aliyejitoa katika kazi kwa kuwa ana sababu ya haki kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake, asiadhibiwe isivyostahili. Mwezi wa Juni 2022, Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliokaa Geneva uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi, kwa hiyo nchi wanachama zote zinapaswa kuziheshimu kanuni zake, hata zile ambazo hazijauridhia mkataba huu. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Matawi yapate nakala.

Lakini haki inataka maneno ya hakika. Ukiandika "breki mbaya", utajibiwa kwamba wewe ni mvivu. Andika hivi: "Pikipiki namba fulani, leo saa 12 na nusu asubuhi. Mkono wa breki ya mbele ukishikiliwa nusu dakika unazama mpaka kwenye mshiko. Pana unyevu chini ya masta. Sitaipanda mpaka itengenezwe." Andika nakala mbili, moja kwa msimamizi, moja kwa mjumbe wa wafanyakazi. Usiondoke kazini: sema uko tayari kwa kazi nyingine au kwa pikipiki nyingine.

KAZI YA MATAWI

Tunaomba kila tawi lifanye mambo manne. Liwe na daftari la pikipiki. Lichague mtu mmoja mwenye ujuzi awafundishe wenzake vile vipimo vitano. Lidai kwamba tarehe ya kubadilisha mafuta ya breki iandikwe na kubandikwa kwenye kila pikipiki ya kazi. Na katika mazungumzo yajayo ya mapatano ya pamoja, liweke kifungu kwamba pedi, breki shuu, waya na mafuta ya breki ni gharama ya mwajiri.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha injini, bana breki mara moja na ushikilie. Ukizama, usiipigepige. Shuka, uandike.

Umoja ni nguvu.